Nguo ni Hiari

Tangazo lilibandikwa Jumapili asubuhi kwenye mlango wa kioo wa hamamu ya wanawake, ghorofa ya tatu ya hoteli moja pale Dubai Marina. Liliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, herufi za rangi ya dhahabu: kwa ajili ya usafi, kila mgeni ataingia chumba cha mvuke bila nguo yoyote. Lile la zamani, lililosema nguo ni hiari, lilikuwa limekwisha kubanduliwa, na gundi yake bado ilinata kwenye kioo. Huda alipewa kitambaa na sabuni aikwangue.

Huda alikuwa amekaa miaka sita akisugua migongo ya watu mle ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Mombasa, mfupi, mwenye mikono ya nguvu, na wageni walimtaja kwa jina walipopiga simu kuweka nafasi. Katika miaka hiyo sita alikuwa amewaona wanawake wa kila namna. Warusi na Wajerumani walivua kila kitu tangu mlangoni wakajilaza kwenye marumaru kama wako kwao. Waarabu wengi walijifunga taulo. Mabibi wa Kizanzibari, wenyeji wa Dubai wa miaka mingi, walikuja na kanga zao kwenye mifuko ya plastiki. Wote walikaa pamoja, wakavuta mvuke mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini kavaa au kwa nini hakuvaa.

Sasa alikuwa amekuja mshauri kutoka Ulaya, akakaa hotelini siku tatu, akaandika ripoti. Meneja, Bwana Raed, aliwasomea wafanyakazi sehemu yake wakiwa wamesimama kwenye korido. Mfereji wa maji machafu wa hamamu ulikuwa unaziba kila wiki. Nguo za wageni, ripoti ilisema, hutoa nyuzi na rangi, na katika mahamamu yote ya maana ulimwenguni watu huingia kama walivyozaliwa.

"Sir, na mgeni akikataa?" Huda aliuliza.

"Mnamweleza kwa adabu."

"Akishaelezwa akakataa?"

"Basi haingii. Khalas, Huda. Hii ni sheria, si mjadala. Yalla, kazini."

Huda akajitungia sentensi. *Samahani madam, ndani tunaingia bila nguo. Ni kwa usafi.* Aliitoa kwa sauti laini, macho akiyainamisha, na mara nyingi ilifanya kazi. Wengine walivua harakaharaka, wakajikunja pembeni mwa bomba mikono ikiwa kifuani mpaka muda wao ukaisha. Wengine waligeuka wakaondoka. Bibi mmoja alilia. Huda alimletea maji ya kunywa, akamshikia mkoba mpaka kwenye lifti, akarudi kumwita mgeni anayefuata. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba kazi ni kazi.

Kila mfanyakazi alikuwa na tiketi moja kwa mwaka ya kumleta jamaa yake. Mama yake Huda, Bi Tufaha, alikuwa amefika kutoka Mombasa kutembea, magoti yamemvimba, na tangu kwenye simu Huda alikuwa amemwahidi mvuke. Aliichagua Alhamisi, siku yake ya mapumziko, saa nne asubuhi. Sheria aliijua. Alijiambia kwamba saa hizo hakuna watu, na mwenzake wa zamu atajifanya hakuona.

Lakini aliyesimama mlangoni asubuhi hiyo, orodha mkononi, alikuwa Madam Ashwaq, msimamizi wao.

Bi Tufaha alitoka chumba cha kubadilishia akiwa amejifunga leso mbili, moja kifuani na moja mabegani, mpya kabisa, alizozinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alimsalimu Madam Ashwaq kwa Kiarabu cha msikitini, akamtabasamia. Madam Ashwaq aliitikia, kisha akamwambia Huda kwa Kiingereza, sauti ya chini, "Mwambie."

"Madam, huyu ni mama yangu. Ni mtu mzima."

"Ndiyo maana. Akilisikia kwa lugha yenu litakuwa jepesi."

Mlango wa mvuke ulikuwa wazi. Ndani, Mjerumani mmoja wa makamo aliyelala juu ya marumaru aliinua kichwa. "Mwacheni aingie," alisema. "Mimi hanisumbui hata kidogo."

"Ahsante, madam. Ni sheria ya hoteli," Madam Ashwaq alimjibu.

Huda alimgeukia mama yake. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka alipogundua kwamba anaitoa sentensi ileile, kwa sauti ileile laini.

"Samahani mama, ndani tunaingia bila nguo. Ni kwa usafi."

Bi Tufaha alidhani hakusikia vizuri. "Bila viatu?"

"Bila nguo."

"Leso nayo ni nguo?"

"Ndiyo, mama."

"Wataka nikae uchi mbele za watu?"

"Ni wanawake watupu humu, mama."

Bi Tufaha alichungulia ndani. "Naona kwamba ni watupu," alisema. Kisha akamtazama binti yake, na tabasamu alilokuja nalo likamwishia usoni. "Huda. Wewe ndiwe uniambiaye?"

Huda alimnyoshea mkono. Mama yake alizikaza leso zake, akageuka, akatembea taratibu kwa magoti yale mabovu juu ya sakafu yenye maji. Hakukubali kushikwa mkono. Alipotoka tena alikuwa amevaa buibui, upande mmoja wa mtandio umegeuka ndani nje, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Madam Ashwaq alimletea Huda fomu atie sahihi kwamba tiketi ya mwaka imetumika.

"Haikutumika," Huda alisema.

"Ameingia chumba cha kubadilishia. Kwenye kompyuta imekwisha kutumika."

Huda akatia sahihi.

Kutoka Marina hadi Silicon Oasis, walikokaa, ni metro na basi, mwendo wa saa nzima na zaidi. Bi Tufaha alitazama nje ya dirisha njia nzima. Alizungumza mara moja tu, kuuliza kama mkate upo nyumbani au wanunue.

Nabhan, mume wa Huda, alirudi kutoka bandari ya Al Hamriya jioni, vumbi la saruji kwenye nywele. Alikuwa karani wa shehena zinazokwenda Afrika, mzaliwa wa Dubai kwa wazee wa Kizanzibari, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alivua viatu, akamsalimu mkwewe, akauliza kwa furaha, "Enhe mama, hamamu vipi? Magoti yamelainika?"

"Nimetolewa," Bi Tufaha alisema.

"Umetolewa nini?"

"Nimetolewa nje. Nimeambiwa nivue, nikakataa."

Nabhan aliangua kicheko kifupi, akidhani ni mzaha, kisha akaziona nyuso zao. Huda alimweleza yote, hakuficha hata sentensi aliyoisema. Nabhan akasimama katikati ya sebule, ambayo usiku ndiyo ilikuwa chumba cha mama, na sauti ikampanda.

"Kesho unawaandikia barua ya kuacha kazi. Mama mzima na heshima zake! Mtu anayejistiri baina ya kitovu na magoti hata mbele ya wanawake wenzake, leo avuliwe kanga na hoteli? Kesho, Huda!"

"Na kodi ya nyumba?"

"Tutahamia Sharjah, tutabanana."

"Na viza yangu? Nikiacha kazi inafutwa."

"Utaingia kwenye yangu."

"Nabhan," Huda alisema polepole, "mshahara wako haufiki kiwango cha kumdhamini mke. Tuliuliza mwaka jana."

Aliyasema bila ubaya, lakini yalikuwa yamesemwa, na mbele ya mama mkwe. Nabhan alikaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kujipangusa saruji kichwani kwa kiganja.

"Huda," Bi Tufaha alisema. "Ni wangapi?"

"Wangapi nini, mama?"

"Uliowaambia vile kabla yangu."

Huda alijaribu kuwakumbuka. Walimjia mikono tu, imekunjwa vifuani, na yule bibi wa kwenye lifti. "Sijui. Ni wiki mbili sasa. Wengi."

"Mimi nilikuwa na mwanangu wa kunirudisha nyumbani. Wao walirudi na nani?"

Huda akafunika uso kwa mikono. Alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia mahali penye watu wanaolala. Mama yake alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamgusa, akamwekea mkono begani.

"Kazi usiiache," alisema. "Ukiacha wataweka mwengine, naye ataambia watu maneno yayo hayo, ila hatakuwa na mama wa kumuuliza. Wewe mle ndani wapajua kuliko wao. Kaseme na mkubwa wao. Sema kwa adabu, lakini sema."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa. Hutakuwa umekimbia."

Nabhan aliinua kichwa. "Mimi niko pamoja na mama," alisema, na wote watatu wakacheka kidogo, kwa sababu dakika kumi nyuma ndiye aliyetaka aache kazi.

Jumamosi mfereji wa hamamu uliziba tena. Maji yalianza kupanda kwenye sakafu ya marumaru saa tano, wageni wakatolewa, na akaitwa Onesmus, fundi bomba Mkenya aliyekuwa na desturi ya kuzungumza na mabomba kama watu. Huda alisimama kando akiwa ameshika ndoo.

"Hii kitu inanizoea vibaya," Onesmus alisema akiwa amepiga magoti. "Kila wiki tunaonana."

"Lakini hakuna aliyevaa nguo humu wiki mbili sasa," Huda alisema.

Onesmus akageuka, waya mrefu mkononi. "Ati?"

"Hakuna hata mmoja. Sheria mpya."

"Sasa mbona imeziba?"

Aliuzungusha waya, akavuta. Lilitoka bonge la kijivu, zito, saizi ya paka mdogo. Waliliweka sakafuni, na Onesmus akalichana kwa bisibisi. Kulikuwa na nywele. Kulikuwa na udongo mwekundu waliopakwa wageni mwilini, umegandamana kama saruji. Na vipande kwa vipande, vimelowa na kusokotana, kulikuwa na ndara za karatasi ambazo hoteli yenyewe ilimpa kila mgeni mlangoni.

"Cheki, dada," Onesmus alisema. "Hii si nguo ya mtu. Hizi ni slipa zenu. Zinapasukia kwa maji, zinashikana na matope, basi, kwisha. Mimi niliwaambia, lakini mimi ni wa bomba, nani atanisikiza?"

"Uliandika mahali?"

"Kwa kitabu ya kazi. Mara nne. Hakuna mtu husoma hiyo kitabu."

Huda alisimama pale akilitazama lile bonge. Hofu aliyokuwa ameamka nayo tangu Ijumaa ilipungua, na mahali pake pakaingia kitu kigumu na kitulivu, kile alichokuwa nacho anapovaa glavu ya kusugulia na kumwambia mgeni ageuke. Alilichukua bonge, akalitia kwenye ndoo.

"Nipe na hicho kitabu," alisema.

Bwana Raed alikuwa anakula sandwichi mezani kwake. Aliitazama ndoo, akaisogeza sandwichi mbali.

"Nini hii?"

"Ndiyo inayoziba mfereji, sir. Imetoka sasa hivi. Ni ndara zetu na udongo wetu. Fundi ameandika mara nne, kurasa nimezikunja hapa. Wiki mbili hakuna nguo iliyoingia mle, na mfereji umeziba palepale, siku ileile."

Bwana Raed alisoma kurasa zile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuwapelekea wenye hoteli ripoti ya mshauri na sahihi yake mwenyewe chini.

"Sawa. Tutabadilisha ndara. Sheria ni jambo jingine. Ni suala la viwango. Wageni wa Ulaya wanapenda iwe hivi."

"Wageni wa Ulaya wanapenda kuvua, sir, na walikuwa wanavua. Hakuna aliyewazuia hata siku moja. Wenye kutaka kujistiri walijistiri. Alhamisi Mjerumani mwenyewe alisema hasumbuliwi."

"Umekuja kunifundisha kazi?"

"Sir, umewahi kuingia mle wakati wageni wapo?"

Bwana Raed akashtuka. "Astaghfirullah! Ni mahali pa wanawake."

"Basi mimi naingia kila siku, miaka sita. Ninakwambia ninachokiona. Wanaovuliwa kwa lazima hawapati mvuke. Wanakaa wamejikunja, wanaangalia saa. Mwili haulainiki, siwezi hata kuwasugua vizuri. Wakitoka hawarudi." Akavuta pumzi. "Kama tatizo ni nyuzi na rangi, chumba chetu cha dobi kinachemsha shuka za pamba nyeupe kila siku. Zikatwe vipande, kila mgeni apewe chake kisafi. Anayetaka ajifunge, asiyetaka akikalie."

Halikuwa wazo baya, na Bwana Raed alijua. Ndiyo maana alikasirika.

"Andika. Kwa Kiarabu na Kiingereza. Na mpaka nitakapojibu, unafuata sheria iliyopo."

"Kusugua nitasugua, sir. Lakini simwambii tena mwanamke yeyote avue nguo. Hilo mumpe mtu mwingine."

"Hilo ni kukataa amri."

"Ndiyo, sir."

Alisema hivyo kwa adabu, kama alivyoagizwa na mama yake. Bwana Raed akamwandikia onyo, na Huda akaazima kalamu ileile, akatia sahihi, na chini ya sahihi akaandika kwa mkono wake sababu ya kukataa. Siku ileile akahamishiwa kwenye chumba cha dobi, kukunja taulo.

Barua waliiandika nyumbani, Huda akisema na Nabhan akiandika, maana Kiarabu cha mumewe ndicho kilichokuwa cha shule. Kila alipopata nafasi Nabhan alichomeka neno kali, na kila mara Bi Tufaha, aliyekuwa anachambua mchele, aliuliza hilo neno maana yake nini, na akishaambiwa alisema, "Litoe." Ilibaki barua ya ukurasa mmoja, safi, isiyomtukana mtu. Nabhan aliisoma yote kwa sauti mara mbili. "Wallahi," alisema, "ningekuwa mimi ndiye meneja ningeona haya."

Wiki nzima Huda alikunja taulo. Wenzake wa dobi walimwonea huruma, na yeye aliwashangaza kwa kuimba. Wakati huo, kwa kuwa wasuguaji wengine nao walianza kujifanya hawasikii, ile sentensi ilimwangukia Madam Ashwaq. Alikuwa ameiamuru kwa wiki mbili bila kuisema. Jumatano alimwambia bibi harusi mmoja na shangazi zake saba, wenyeji wa Dubai, waliokuwa wamekodi hamamu nzima. Shangazi mkubwa alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, akamuuliza kwa upole, "Wewe binti, mama yako yuko hai?" Wakaondoka wote wanane.

Madam Ashwaq alishuka kwenye dobi, uso umemwiva. Alisimama kati ya marundo ya taulo.

"Nimeisema siku nne tu," alimwambia Huda. "Wewe uliwezaje wiki mbili?"

"Sikuweza, madam. Nilidhani naweza."

Madam Ashwaq aliokota taulo moja, akaikunja vibaya, akaiweka juu ya rundo. Kisha akapanda moja kwa moja hadi ofisi ya Bwana Raed, akafunga mlango, na waliokuwa koridoni walisikia sauti ya mwanamke tu kwa muda mrefu.

Sheria ilibadilishwa Jumapili iliyofuata. Bwana Raed aliwakusanya tena, akasema kwamba, baada ya utafiti uliofanywa na uongozi, nguo zitakuwa hiari, hoteli itatoa vitambaa vya pamba, na ndara zitakuwa za mpira. Hakumtaja mtu. Onesmus alikohoa kwa nguvu, na wafanyakazi kadhaa wakatazama sakafu ili wasicheke. Huda alirudishwa hamamu, onyo lake likabaki kwenye faili. Wenzake walipomuuliza kama halimuumi alisema, "Libaki. Nimeandika sababu yangu pale. Atakayelisoma ataisoma na hiyo."

Zikiwa zimebaki siku nne Bi Tufaha asafiri, Huda alimwambia waende tena. Madam Ashwaq alikuwa ameirudisha tiketi ya Alhamisi ile kwenye kompyuta, hakueleza alivyofanya.

"Mimi nisharidhika," Bi Tufaha alisema. "Huko si lazima nifike."

"Najua si lazima, mama. Ndiyo maana nakuomba."

Bi Tufaha alifikiri, akaenda kuoga, akavaa buibui.

Mle ndani kulikuwa na wanawake watano. Wawili walikuwa hawana kitu, wamelala macho wamefumba. Watatu walikuwa wamejifunga nyeupe. Mmoja alisogea ampishe mtu mzima mahali pa joto, na Bi Tufaha akakaa, kitambaa kimebana kifuani, mgongo umenyooka kama yuko kwenye picha. Robo saa ya kwanza alikaa vivyo hivyo. Mvuke ulipanda. Jasho lilimtoka, mabega yakashuka, na miguu iliyokuwa imekunjwa muda wote ikaanza kunyooka yenyewe. Huda alivaa glavu, akachovya sabuni nyeusi, akaanza na miguu. Alipofika mgongoni alisugua juu ya pamba, kwa uangalifu.

"Hivyo wasugua kitambaa ama mgongo?" mama yake akauliza.

"Nasugua ulipoacha wazi, mama."

Bi Tufaha aliwatazama wale wawili waliolala, akawatazama wale waliojifunga. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Akalifungua fundo mwenyewe, akateremsha kitambaa mpaka kiunoni, akakikaza pale, kisha akainama mbele na kuziweka nywele zake zenye mvi upande mmoja.

"Haya," alisema. "Na usinionee huruma. Sugua mpaka ule uchafu wa safari utoke."

Huda akabana glavu vizuri mkononi, akaanza kwa nguvu zake zote.